Kumfikisha Mtoto Kwenye Atomu: Mwongozo Kamili wa Kufundisha Maada kwa Vyombo vya Jikoni

Mtoto wa Gredi ya 7 anaweza kuandika katika mtihani kwamba maada yote imeundwa kwa chembe ndogo zisizoonekana, akapata alama zake zote, kisha jioni ukamwuliza maji ya leso iliyoanikwa uani yamekwenda wapi, akakujibu, "Yameisha." Wazazi na walimu wenzangu wa hapa Mombasa wameniletea lalamiko hili mara nyingi, na karibu wote wamejaribu dawa moja: kumchorea mtoto atomu yenye kiini katikati na elektroni zikizunguka.

Dawa hiyo haiponyi, kwa sababu mtoto huyo hana swali ambalo atomu ni jibu lake. Hajakubali bado kwamba hewa ina uzito, wala kwamba maji yasiyoonekana bado yapo. Ukimpa atomu wakati huo ataihifadhi kama jina la mji asioujua njia.

Mwongozo huu unafuata njia ndefu. Una hatua saba, na unamfaa mtoto wa miaka 9 hadi 14. Ipe kila hatua wiki moja au zaidi.

## Vitu vya kutayarisha

- Mizani ya jikoni ya dijitali inayosoma gramu moja moja.
- Sirinji mbili mpya za mililita 20 na kuendelea, zisizo na sindano, kutoka duka la dawa.
- Chupa mbili za plastiki za nusu lita zenye vifuniko vinavyobana.
- Chumvi, sukari, unga uliokandwa, kunde kavu na mchanga mkavu wa pwani uliochekechwa.
- Sharubati yenye rangi kali, kama ya zambarau au ya ukwaju.
- Mafuta ya nazi, barafu, na nafasi katika friji.
- Mpira wa miguu namba 5 na pampu yake.
- Spiriti ya dukani, kijiko kikuukuu cha chuma, na kichupa cha marashi.
- Daftari lisilo na mistari, penseli, na kalamu ya wino.

Daftari hilo ndilo chombo muhimu kuliko vyote, na ndilo watu huliruka. Mtoto achore kwa kalamu ya wino, si kwa penseli, ili asifute alichoamini wiki iliyopita. Penseli ni yako wewe, ya kuandika pembeni maneno yake mwenyewe.

## Maneno mawili yanayotutega

Shuleni mtoto anasoma sayansi kwa Kiingereza, lakini nyumbani anafikiri kwa Kiswahili, na Kiswahili chetu cha kila siku kina mitego miwili katika somo hili.

Wa kwanza ni neno "kuyeyuka". Tunasema barafu imeyeyuka juani, na tunasema sukari imeyeyuka katika chai. Mambo hayo si mamoja. Barafu imegeuka kuwa kimiminika kwa sababu ya joto, bila kuhitaji kitu kingine, ilhali sukari imetawanyika ndani ya maji. Kwa muda wote wa mafunzo haya, sema sukari "imemumunyuka", na umsahihishe mtoto kwa upole kila anapochanganya.

Wa pili ni "chembe" yenyewe. Mtoto amekua akisikia chembe ya mchele, chembe ya chumvi na chembe ya mchanga, kwa hiyo akiambiwa maji yana chembe, anaona matone madogo sana. Hilo ni kosa la msingi, na sehemu kubwa ya hatua ya 6 ni kulirekebisha. Punje moja ya chumvi yenye upana wa thuluthi ya milimita ina chembe za kisayansi takriban bilioni moja mara bilioni moja. Mpe mtoto tarakimu hiyo, lakini si leo.

## Hatua ya 1: Mchoro kabla ya somo

Kabla ya kufundisha lolote, mpe kurasa tatu na maswali matatu. Kuna nini ndani ya sirinji iliyovutwa ikiwa imezibwa? Sukari iliyomumunyuka iko wapi ndani ya bilauri? Maji ya leso yamekwenda wapi? Mwambie achore kama mtu aliyevaa miwani ya ajabu inayoona vitu vidogo kuliko vyote.

Usimsahihishe. Uso wako usibadilike hata kidogo, maana watoto wetu wamezoea kusoma jibu katika uso wa mwalimu. Andika tarehe, ufunge daftari.

Utaona moja kati ya picha tatu. Wengine watapaka rangi mfululizo, kama maji yaliyojaa pomoni. Wengine watachora rangi hiyo hiyo kisha wadondoshee vitone ndani yake, kama zabibu kavu katika mkate. Hao ndio waliokariri, na ndio wengi. Wachache watachora vitone peke yake, pasi na chochote kati yake. Kundi la pili lahitaji subira kubwa zaidi, kwa kuwa linadhani tayari linajua.

## Hatua ya 2: Kilichofichika bado kina uzito

Anza na unga uliokandwa. Upime ukiwa donge, kisha usukume uwe kama chapati, uupime tena. Watoto wadogo wa miaka 5 au 6 husema chapati ina unga zaidi kwa kuwa imetanda. Wanapofika miaka 7 au 8 wengi hukubali kwamba kiasi ni kile kile, ingawa kuhusu uzito hubishana kwa mwaka mmoja au miwili zaidi. Mtoto wako akijibu sawasawa mara moja, pita.

Sasa chumvi, na hapa usiwe na haraka. Weka bilauri juu ya mizani, mimina maji gramu 200 ukiwa umeondoa uzito wa bilauri, na uweke pembeni chumvi gramu 20. Kabla ya kuimimina, mtoto aandike mizani itasoma ngapi. Wengi huandika 200, au 205 kwa kuhurumia chumvi. Mimina, koroga hadi maji yawe maangavu, na umwache asome mwenyewe: 220.

Msichana mmoja niliyemfundisha aliitazama namba hiyo, akainua bilauri, akaangalia chini yake, akairudisha. "Mwalimu, mizani imeharibika." Nilimwambia apime kitu kingine. Alipima kitabu chake cha hesabu mara mbili, akapata jibu moja, ndipo akanyamaza kwa muda. Ukimya wa namna hiyo usiujaze kwa maelezo.

Mimina maji hayo kidogo katika sahani bapa, uiweke juani. Kwa jua letu la Januari chumvi itarudi kabla ya siku mbili. Mweleze pia kwamba lita moja ya maji ya bahari ina chumvi takriban gramu 35, na kwamba mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi, hufanya jambo hili hili kwa mabwawa makubwa.

Onyo. Usikoroge kwa kijiko kikubwa ukakitoa kikiwa kimebeba maji. Gramu mbili zikipotea, mtoto atakuwa amethibitisha imani yake ya zamani, na kumrudisha ni kazi.

Dalili ya kufaulu. Anatabiri uzito sahihi wa maji ya sukari bila kupima, na anatoa sababu: "Haijatoka, kwa hiyo bado ipo."

## Hatua ya 3: Hewa nayo ni kitu

Vuta sirinji hadi ijae hewa, ziba mdomo wake kwa kidole, kisha mtoto asukume. Hewa itabanwa hadi karibu nusu, na akiachilia, bomba linarudi. Rudia kwa sirinji iliyojaa maji: halisogei. Usieleze sababu bado. Mwache na swali hilo, kwani ndilo litakalodai chembe baadaye.

Kisha pima hewa, na hapa ndipo wengi hukosea. Watu huchukua mpira uliosinyaa, wakaupima, wakaujaza, wakaupima tena, na mizani haibadiliki au hubadilika kidogo sana, basi wakahitimisha kwamba hewa haina uzito. Sababu ni kwamba mpira unapofura huisukuma hewa ya nje kando, na hewa hiyo huuinua mpira kiasi kile kile cha uzito ulioingia, kama maji ya bahari yanavyomwinua mwogeleaji.

Namna sahihi ni kuanza na mpira ambao tayari ni duara kamili lakini ni laini ukibonyezwa. Uweke juu ya bakuli dogo usibingirike, uupime, kisha uujaze hadi uwe mgumu wa kuchezewa, uupime tena. Umbo halikuongezeka, ila hewa imeongezeka, na mizani itapanda kwa gramu 4 hadi 7. Lita moja ya hewa yetu ya kawaida ina uzito wa takriban gramu 1.2. Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye dari la mita 3, kina hewa ya zaidi ya kilo 30, ambao ni uzito wa mtoto wa miaka 9 au 10. Watoto huipenda hesabu hii kuliko jaribio lenyewe.

Dalili ya kufaulu. Mtoto anaacha kusema bilauri ni "tupu".

## Hatua ya 4: Maji yaliyoisha na maji yaliyozuka

Mombasa tuna bahati katika hatua hii, kwa kuwa hewa yetu imejaa unyevu. Jaza chupa sharubati ya zambarau, ifunge kwa nguvu, iweke katika friji usiku kucha. Asubuhi itoe, ifute, ipime mara moja, kisha iache juu ya mizani kwa nusu saa.

Muulize mtoto jasho lililo nje ya chupa limetoka wapi. Jibu la kwanza huwa ni kwamba maji yamepenya. Mpe karatasi nyeupe ya msala afute: ni maji matupu, hayana zambarau. Jibu la pili huwa ni kwamba baridi imegeuka maji. Sasa itazame mizani: imeongezeka gramu 1 au 2. Baridi haina uzito, na kutoka ndani hakukutoka kitu. Kilichobaki ni hewa ya chumbani. Usilitamke wewe, lisubiri.

Hapo ndipo unapoweza kuirudia leso. Maji yake yako kule kule yalikotoka haya.

Birika linapochemka, mwonyeshe kutoka mbali ile nafasi iliyo wazi kati ya mdomo wa birika na wingu jeupe. Mvuke wenyewe hauonekani. Wingu ni vitone vilivyokwisha kupoa. Muulize pia mapovu makubwa yana nini ndani. Atasema hewa, na watu wazima wengi husema hivyo hivyo. Vipovu vidogo vya mwanzo kabisa ni hewa kweli, iliyokuwa imemumunyuka majini, lakini yale makubwa ya kuchemka ni mvuke wa maji. Kama yangekuwa hewa, sufuria iliyosahauliwa motoni isingekauka. Gramu moja ya maji hutoa takriban lita 1.7 za mvuke.

Onyo. Mvuke usioonekana huunguza vibaya kuliko maji yanayochemka. Mtoto asiweke mkono karibu na mdomo wa birika.

Dalili ya kufaulu. Neno "yameisha" limetoweka, na mahali pake pamekuja "yamekwenda hewani".

## Hatua ya 5: Sasa ndipo chembe ziingie

Rudi kwenye sirinji. Hewa imebanwaje ikawa nusu, ilhali haikutoka hata kidogo? Mpe mtoto ukurasa mpya achore kabla na baada. Akipaka rangi mfululizo, muulize: "Nusu nyingine imekwenda wapi?" Atahangaika, na mwisho atachora vitone vilivyotengana, kisha vikiwa vimesogeleana. Kama haikumjia, mwonyeshe wewe, lakini baada ya kuhangaika, si kabla.

Swali linalofuata ndilo gumu kuliko yote katika mwongozo huu: kati ya vitone hivyo kuna nini? Watoto kwa watu wazima hujibu, "Hewa." Mjibu kwa utulivu kwamba hewa ndiyo hivyo vitone vyenyewe. Hapo katikati hapana kitu. Akili ya binadamu inalikataa wazo hili, nawe usishangae ukilirudia kwa wiki tatu.

Kwa vimiminika, changanya kikombe cha kunde na kikombe cha mchanga. Havijazi vikombe viwili. Kisha wewe mwenyewe, si mtoto, changanya mililita 50 za maji na 50 za spiriti katika chupa nyembamba uliyoiwekea alama. Spiriti ikiwa kali kabisa, jumla huwa kama mililita 96 au 97. Ya dukani iliyokwisha kupunguzwa kwa maji hupungua kidogo tu, kwa hiyo nunua iliyo kali uwezavyo. Uzito haubadiliki, na hilo mlipime. Mfano wa kunde si kamili, kwani chembe pia huvutana, lakini unatosha kwa sasa.

Onyo. Spiriti hushika moto upesi. Zima jiko, fungua dirisha, na uimwage mara mnapomaliza, asije mtu akadhani ni maji.

Chembe hazitulii, na hilo huonyeshwa kwa marashi: funga madirisha, zima feni, fungua kichupa pembe moja ya chumba, mtoto akae pembe nyingine. Usitumie udi, ingawa ndio unaokujia kwanza, kwa sababu moshi wake huchukuliwa na hewa moto ya chetezo na si kwa mwendo wa chembe zenyewe tu.

## Hatua ya 6: Kuivua chembe sifa za lundo

Mtoto aliyekubali chembe ataanza kuzipa tabia za kitu anachokiona. Atasema chembe za barafu ni ngumu na baridi, za maji ni laini, na kwamba ukipasha kitu moto chembe zake huvimba. Hapa ndipo ile chembe ya mchele inapomdanganya.

Fundisha kwa mafuta ya nazi. Huganda chini ya nyuzi takriban 24 za Selsiasi, ndiyo maana nyumbani kwetu hukaa maji maji karibu mwaka mzima, na mgeni aliyebeba chupa kwenda Nairobi huikuta asubuhi imekuwa nyeupe. Gandisha kiasi katika friji, pima kabla na baada, kisha yaache yayeyuke mezani. Muulize: chembe zimebadilika? Zilikuwa ngumu, zikawa laini? Mwongoze aone kwamba ugumu ni jambo la kundi zima, la namna chembe zilivyoshikana. Kikosi cha askari kinaweza kusimama kwa safu, lakini askari mmoja hawi safu.

Tumbukiza kipande kilichoganda katika mafuta yaliyoyeyuka: kinazama. Kisha tumbukiza barafu katika maji: inaelea. Vitu vingi hufanya kama mafuta, yaani chembe husogeleana vinapoganda. Maji ndiyo yenye kwenda kinyume, kwa kuwa yakiganda hupanuka kwa takriban asilimia 9. Mwalimu anayetumia barafu peke yake humfundisha mtoto kanuni kwa mfano unaoivunja.

Kagua pia michoro ya vitabu. Mingi huonyesha chembe za kimiminika zikiwa mbali mbali, nusu ya njia kati ya yabisi na gesi. Si kweli. Katika maji chembe zimekaribiana karibu sawa na katika barafu, na sirinji iliyokataa kusogea katika hatua ya 3 ndiyo shahidi. Mtoto asahihishe mchoro wa kitabu kwa mkono wake. Furaha yake utaiona.

Sasa ndipo umpe ile tarakimu ya punje ya chumvi.

Dalili ya kufaulu. Muulize kama chembe moja ya maji ni majimaji. Akicheka, amefika. Akifikiri sana kabla ya kujibu, anakaribia.

## Hatua ya 7: Atomu

Mpaka hapa hatukuigusa atomu. Inahitajika tu pale kitu kinapogeuka kuwa kitu kingine, na sukari huonyesha hilo vizuri.

Weka sukari kidogo katika kijiko kikuukuu, uipashe juu ya moto mdogo ukiwa umekishika kwa koleo. Kwanza inayeyuka, kisha inakuwa kahawia, kisha inatoa mvuke, na mwisho inabaki makaa meusi. Pitisha mfuniko baridi juu ya mvuke huo uone vitone vya maji. Kitu cheupe kitamu kimetoa maji na makaa, na hakuna kati ya hivyo kilicho kitamu. Barafu ikiyeyuka unaweza kuirudisha, hii hairudi.

Onyo. Sukari iliyoyeyuka hushika ngozi na kuunguza vibaya. Kazi hii ni ya mtu mzima, mtoto atazame kutoka hatua mbili.

Eleza kwa herufi. Chembe moja ya sukari, ambayo sasa tunaiita molekuli, ni kama neno refu lenye herufi 45: atomu 12 za kaboni, 22 za haidrojeni na 11 za oksijeni. Moto umelivunja neno. Haidrojeni mbili na oksijeni moja zikishikana ni maji, na kaboni zilizobaki ndiyo yale makaa meusi. Herufi hazikupotea, zimeandika maneno mengine. Aina za atomu zinazojulikana, yaani elementi, ni 118, na vitu vyote vya jikoni mwako vimetumia chache tu kati ya hizo.

Mpe kunde za rangi mbili tatu azipange kama molekuli za maji, kisha azihesabu: sukari moja inaweza kutoa maji mangapi? Akipata 11 bila msaada, na akakuonyesha kaboni 12 zilizobaki mezani, mfungulie daftari ukurasa wa kwanza, umwambie aandike chini ya mchoro wake wa wino kile ambacho leo angechora tofauti. Elektroni na kiini atakutana navyo Gredi ya 9.